Mradi bila mipaka ni dawa bila kipimo

Asubuhi moja mama kijana aliingia katika kliniki yangu iliyo kandokando ya Barabara ya Ngong, akiwa amembeba mgongoni mtoto wa miezi kumi na minne. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Gatina. Mtoto alikuwa ameharisha kwa siku kadhaa na hakuwa na hamu ya kula.

Nilimzungushia mkononi ule utepe wa kupimia lishe. Ulisoma sentimita 12.0, katika rangi ya manjano. Maana yake ni kwamba mtoto alikuwa na utapiamlo wa wastani. Hakuwa amefika penye hatari kubwa, lakini alikuwa njiani kuelekea huko.

Katika droo yangu nilikuwa na orodha ya miradi ya afya na lishe inayohudumia mitaa ya mabanda ya upande huu wa Nairobi. Mmoja ulieleza kwamba unawapa watoto wa aina hii chakula maalum bila malipo. Kwenye nafasi ya mahali paliandikwa neno moja tu: Kawangware. Basi nikaandika barua, nikampa mama, nikamtakia heri.

Alirudi baada ya wiki tatu. Utepe ulisoma sentimita 11.2. Sasa ulikuwa umeingia katika rangi nyekundu.

"Mama, hukwenda?" nikamwuliza, na nakiri sauti yangu ilikuwa na ukali.

"Nilienda, daktari. Waliniuliza nakaa wapi. Niliposema Gatina wakaniambia ng'ambo hiyo si yao. Wakanielekeza kwa wengine, nao wakasema wao ni wa Kibera. Nikarudi nyumbani."

Mtoto alilazwa hospitalini na, kwa rehema za Mungu, akapona. Lakini zile wiki tatu hakuna aliyemrudishia. Wala siwezi kuwalaumu watu wa mradi peke yao. Mimi niliyeandika barua ile sikuuliza mradi unaanzia wapi na kukomea wapi. Niliamini neno moja kwenye karatasi.

Msomaji mpenzi, nataka leo tuzungumzie karatasi hiyo. Kila mradi wa afya una rekodi inayoutambulisha: jina lake, mfadhili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, kiasi cha fedha, na mahali. Rekodi hiyo huwekwa katika ofisi za serikali, kwa wafadhili na siku hizi kwenye intaneti pia. Sehemu nyingine zote hujazwa kwa uangalifu mkubwa. Ikifika nafasi ya mahali, mtu huandika "Nairobi", au akijitahidi sana, "Kibera na Kawangware".

Rai yangu ni kwamba rekodi ya namna hiyo haijakamilika. Mradi wa afya usioonyesha mipaka yake haupasi kuhesabiwa kuwa umesajiliwa, kama vile cheti cha dawa kisichotaja kipimo kisivyopasa kupokewa dukani.

Kibera ni ipi?

Mtu asiyeishi huku hudhani Kibera ni mahali pamoja. Aliyekuzwa huko atakuuliza: Kibera ipi? Kuna Kianda na Gatwekera, Lindi na Mashimoni, Laini Saba na Silanga, Makina na Kisumu Ndogo, Kambi Muru na Soweto. Reli inakata upande mmoja, na vijito vya maji machafu vinatenganisha kijiji na kijiji. Mama wa Silanga mwenye mtoto mgonjwa hawezi kuambiwa kwamba mradi ulioko Kianda ni wa jirani, hasa mvua ikinyesha.

Jina lenyewe limekuwa likibadilika ukubwa kwa zaidi ya miaka mia moja. Wanubi waliopiga kambi hapo waliita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitenga ekari 4,197. Mwaka 2017 jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya ardhi, ilikuwa ya ekari 288. Jina ni lile lile, ardhi si ile ile.

Nako Kawangware mambo si tofauti. Watu wengi husema wanakaa Kawangware, na matatu hutangaza hivyo, lakini kiutawala Kawangware, Gatina na Kabiro ni wadi tatu mbalimbali za eneo bunge la Dagoretti Kaskazini. Ukivuka kidogo uko Riruta, na hiyo ni wadi ya Dagoretti Kusini. Yule mama wa Gatina hakusema uongo alipojiita mtu wa Kawangware. Wala karani wa mradi hakukosea alipomwambia si wao. Kila mmoja alikuwa na ramani yake kichwani.

Na hata ramani za wakuu hazilingani. Dagoretti ilikuwa eneo bunge moja, na Kibera ilikuwa sehemu ya Lang'ata, hadi uchaguzi wa mwaka 2013 ulipofanywa kwa mipaka mipya na Nairobi ikawa na maeneo bunge 17 badala ya manane. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 iligawa Nairobi katika kaunti ndogo 11. Kwa hivyo rekodi ya mradi ikisema "Dagoretti", ni lazima uulize: Dagoretti ya nani, na ya mwaka gani?

Hesabu bila idadi ya kugawia

Wengine watasema haya ni mambo ya makarani, daktari arudi kwa wagonjwa wake. La hasha. Haya ni mambo ya ugonjwa na kifo, nami nitaeleza kwa hesabu nyepesi.

Tuseme zahanati za Kibera zimepata wagonjwa 100 wa homa ya matumbo kwa mwaka. Je, huo ni ugonjwa mwingi au kidogo? Huwezi kujua mpaka ugawanye kwa idadi ya watu. Kwa miaka mingi tuliambiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja. Kwa idadi hiyo, ni wagonjwa 10 kwa kila watu 100,000. Hesabu ya watu ya mwaka 2009 ilipotolewa, ilionyesha watu 170,070. Kwa idadi hii, wagonjwa wale wale wanakuwa karibu 59 kwa kila watu 100,000. Ugonjwa umezidi karibu mara sita bila mtu mmoja zaidi kuugua!

Katika hesabu ya mwaka 2019 kaunti ndogo ya Kibra ilionekana kuwa na watu 185,777. Mtu mwepesi atatoa idadi moja katika nyingine na kutangaza kwamba Kibera imeongezeka watu elfu kumi na tano na ushei. Asifanye hivyo kabla ya kuhakikisha kwamba mistari iliyochorwa mwaka 2009 ndiyo iliyochorwa mwaka 2019.

Sasa tazameni kazi iliyofanywa kwa mipaka. Taasisi ya utafiti wa tiba nchini, KEMRI, ikishirikiana na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, ilichagua sehemu ya Kibera katika vijiji vya Gatwekera na Soweto. Nyumba zilijulikana, wakazi walihesabiwa, na wagonjwa walipimwa damu katika zahanati iliyojulikana. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha wagonjwa 247 wa homa ya matumbo waliothibitishwa na maabara kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Huko Asembo, mashambani Siaya, ambako kazi kama hiyo ilifanywa, walikuwa 29.

Uchunguzi uliofuata katika eneo lilo hilo ulionyesha jambo ambalo kila mkazi angeweza kulieleza: wanaokaa mabondeni, yanakoteremkia maji machafu, waliugua zaidi kuliko wanaokaa juu. Lakini alilojua mkazi kwa macho sasa lilikuwa na tarakimu, na tarakimu ndizo husikika wizarani. Takwimu za aina hii ndizo husaidia nchi kuamua kama inahitaji chanjo, na Julai 2025 Kenya ilianza kuwachanja watoto dhidi ya homa ya matumbo.

Bila mipaka ya utafiti ule tungebaki na orodha ya wagonjwa tu, na orodha ya wagonjwa peke yake haiwezi kusema lolote.

Jambo hili si geni. Mwaka 1854 kipindupindu kilipowaua watu London, daktari John Snow hakutosheka kujua kwamba watu wanakufa kusini mwa jiji. Alitaka kujua kila nyumba inauziwa maji na kampuni gani. Katika nyumba zilizouziwa maji na kampuni ya Southwark and Vauxhall, waliokufa walikuwa 315 kwa kila nyumba 10,000. Katika nyumba za kampuni ya Lambeth walikuwa 37. Mitaa ilikuwa ile ile, hewa ile ile. Tofauti ilikuwa mpaka wa huduma. Kama Snow angepewa rekodi iliyoandikwa "maji, London", asingegundua chochote.

Wastani unaoficha

Kuna hatari nyingine ya kuandika "Nairobi" na kunyamaza. Nairobi ni Kileleshwa na Kawangware, ni Karen na Kibera. Kituo cha utafiti wa idadi ya watu na afya barani Afrika, APHRC, kilifanya uchunguzi mwaka 2000 katika mitaa ya mabanda ya jiji hili. Kiligundua kwamba katika kila watoto 1,000 waliozaliwa huko, 151 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Kwa Nairobi nzima idadi ilikuwa 62.

Ukiwa na ile tarakimu ya 62 peke yake ungedhani mtoto wa Nairobi ana bahati. Watoto wa mabanda walikuwa wamefichwa ndani ya wastani. Hivi ndivyo rekodi ya mradi isiyo na mipaka inavyoficha. Fedha zilizotumika mahali pamoja husomeka kana kwamba zimefika kila mahali. Mkuu akitazama orodha huona miradi ishirini "Kibera" na kusema Kibera imeshiba, aende kwingine. Hajui kwamba huenda kumi na miwili iko kandokando ya barabara ile ile moja ya lami, ambako gari la mfadhili hufika bila kukwama, na ng'ambo ya reli hakuna hata mmoja.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari tunalo. Linalokosekana ni ukurasa mmoja.

Wenyeji walikwisha kuonyesha njia

Nisije nikaeleweka kwamba kazi hii inahitaji mabingwa kutoka ng'ambo na mamilioni ya fedha. Hadi mwaka 2009, katika ramani zilizokuwa wazi kwa umma, Kibera ilikuwa doa tupu, ingawa dunia nzima ilijua jina lake. Mwaka huo vijana wa vijiji vya Kibera walifunzwa katika mpango wa Map Kibera kutumia vifaa vidogo vya setilaiti. Walitembea vichochoroni kwa miguu, wakaandika vituo vya maji, vyoo, zahanati, shule na makanisa, na kuviweka katika ramani huru ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma.

Ikiwa kijana wa Kibera aliweza kuandika choo cha kulipia kilipo, meneja wa mradi mwenye ofisi, gari na kompyuta atasema nini?

Isitoshe, mipaka midogo ya afya tayari ipo. Chini ya mpango wa afya ya jamii, kila kitengo hukusudiwa kuhudumia watu wapatao 5,000, na kila mhudumu hupewa nyumba zipatazo 100. Wahudumu hao, ambao serikali ilianza kuwapa vifaa upya Septemba 2023, hujua nyumba zao mlango kwa mlango. Mradi wowote ukitaja vitengo unavyohudumia, daktari kama mimi atajua mara moja ampeleke nani wapi.

Wafadhili nao hawana kisingizio. Mpango wa kimataifa wa uwazi wa misaada uliozinduliwa Accra mwaka 2008 una mtindo wa kuandika rekodi za miradi, na mtindo huo una nafasi ya eneo la utawala na hata ya nukta kwenye ramani. Nafasi ipo, ni ya kujazwa tu.

Hofu ya wenyeji ina msingi

Hata hivyo, sitakuwa mkweli nikidai kwamba kuchora mistari hakuna madhara. Mkazi wa mabanda akiona mtu ana karatasi na kifaa cha kupimia, hufikiria tingatinga. Hafikirii hivyo kwa ujinga. Julai 2018 maelfu ya watu wa Kibera walibomolewa nyumba, pamoja na shule, ili barabara ipite kati ya Barabara ya Ngong na Lang'ata. Mstari kwenye ramani ulitangulia, tingatinga likafuata.

Tukio hilo linatufunza mambo mawili. La kwanza, mipaka ya mradi ni lazima iwe na tarehe. Mradi wa mwaka 2015 ulioeleza kwamba unahudumia nyumba kadha wa kadha za kijiji fulani huenda leo unaeleza habari za lami. La pili, wenyeji waelezwe mstari huu ni wa nini, wauone, na waambiwe nani ataushika.

Kuna pia siri ya mgonjwa. Mradi wa virusi vya Ukimwi au wa kifua kikuu ukichora nukta kwenye kila nyumba ya mgonjwa, umewatangaza watu wake kwa majirani. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa habari nyeti, na kiapo chetu madaktari ni cha zamani kuliko sheria hiyo. Kwa hivyo ninachodai ni mpaka wa huduma, si makao ya mgonjwa. Rekodi iseme "tunahudumia kutoka mto hadi reli". Isiseme mlango wa nani.

Wako pia watakaohofia kwamba mpaka ukiandikwa, karani atautumia kufukuza watu. Nawajibu kwamba watu wanafukuzwa hata sasa, ila wanafukuzwa wakiwa wamekwisha kufika mlangoni, na mtoto mgongoni. Mpaka ukijulikana mapema tutaona ni wapi hapana mtu, na tutaweza kudai huduma huko. Na mradi mwema utaandika pia kama unampokea mtu wa nje ya eneo lake anapokuwa katika hatari.

Lifanywe nini?

Kwanza, Kaunti ya Nairobi isikubali rekodi ya mradi wowote wa afya isiyotaja mambo haya: wadi, vijiji kwa majina wanayotumia wenyeji, vitengo vya afya ya jamii, na mstari uliochorwa juu ya ramani ukiwa na tarehe. Mradi ukihamia ng'ambo nyingine, rekodi ibadilishwe, na ile ya zamani ihifadhiwe, isifutwe.

Pili, Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutekelezwa Mei 2024. Wasimamizi wake wana nafasi nzuri ya kudai mipaka katika ripoti ambazo mashirika hutoa kila mwaka, wakati ambapo taratibu mpya zinajengwa.

Tatu, mfadhili asitoe shilingi ya pili kabla ya kuona ya kwanza ilitumika kati ya mpaka upi na upi.

Nne, wewe mkazi wa Kibera au Kawangware, shirika likija kijijini kwako na fulana na mabango, uliza swali moja: kazi yenu inaanzia wapi na inakomea wapi? Katiba ya mwaka 2010 inakupa haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na rekodi hizi zikiwa katika ofisi za umma ni habari yako.

Nami upande wangu nimeanza na orodha iliyo katika droo yangu. Kwa kila mradi nimepiga simu na kuuliza mipaka yake, kisha nimeichora kwa kalamu nyekundu juu ya ramani iliyobandikwa ukutani kwa muuguzi wangu. Baadhi walinijibu papo hapo. Wengine waliniambia watanipigia, na mpaka leo nangoja.

Tulipomaliza kuchora tuliona sehemu ambazo mistari mitatu ilipandana, na sehemu ambazo karatasi ilibaki nyeupe kabisa. Sehemu moja nyeupe iko Gatina. Anakaa mama mmoja hapo, na mtoto ambaye utepe sasa unasoma rangi ya kijani.